Nani Atakaa na Mama? Uchambuzi wa Uangalizi wa Wazee Waliopotewa na Kumbukumbu katika Mji wa Kale wa Mombasa

Katika nyumba za Kibokoni, Kuze na Mkanyageni, mzee wa nyumba anapoanza kuuliza jambo moja mara saba kabla ya adhuhuri, na anapomwita mjukuu kwa jina la nduguye aliyekwisha kufa, wanawe hukutana ukumbini, mlango ukiwa umerudishwa, wakaulizana kwa sauti ya chini swali moja tu: nani atakaa na mama? Katika nchi ambazo utajiri umezijengea taasisi kwa kila umri wa binadamu, jamaa wa namna hiyo hukaa mezani na karatasi za bei, wakalinganisha makao haya na yale, vyumba vyake, milango yake yenye kufuli na hesabu ya wauguzi wake wa usiku. Lakini hapa kisiwani, ambako mzee aghalabu hufia nyumbani mikononi mwa akraba zake, uchaguzi huo upo vilevile na ni mzito vilevile, illa haujulikani kuwa ni uchaguzi kwa sababu hufanywa bila ya kutamkwa. Hufanywa siku ile ambayo binti mmoja, mara nyingi yule asiye na mume au aishiye karibu zaidi, anapoacha kazi yake ili abaki nyumbani. Na kwa kuwa hakuna aliyemwamuru, hakuna ajionaye kuwa ana wajibu wa kumpokea mzigo.

Makala haya yanakusudia kulitamka jambo hilo na kulipima pande zake zote, na hoja yake ni moja: uangalizi wa mzee aliyepotewa na kumbukumbu hupimwa kwa saa. Mapenzi, heshima na kutafuta radhi za wazazi ndivyo viwaletavyo watu kwenye kazi hiyo, walakini siku ina saa 24 kwa mwenye mapenzi na kwa asiyekuwa nayo, na kila saa moja katika hizo yataka mtu aliye macho.

Kwanza yafaa tujue ni kitu gani kinachoangaliwa. Watu wa mji husema mzee amerudi utotoni, au uzee umempanda kichwani, au, kwa wale wenye dhana mbaya, amechezewa. Matabibu huiita hali hiyo dimenshia, nalo ni jina la jumla la maradhi kadhaa ya ubongo ambayo huondoa kumbukumbu, kisha maneno, kisha uwezo wa kufunga kifungo cha kanzu na kujua njia ya msalani. Lililo kubwa kati ya maradhi hayo, ambalo peke yake huchukua asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote, lilipewa jina la tabibu wa Ujerumani, Alois Alzheimer, aliyempokea mjini Frankfurt mwaka 1901 mwanamke wa miaka 51 aitwaye Auguste Deter, ambaye alikuwa akianza kuandika jina lake akalisahau katikati. Na mwanamke huyo alipofariki mwaka 1906, tabibu yule aliuchunguza ubongo wake, akawaeleza wenzake mjini Tübingen uharibifu aliouona kwa hadubini. Tangu siku hiyo imekuwa dhahiri kwamba maradhi haya yana mahali pake katika nyama ya mwili, kama yalivyo maradhi ya ini au ya figo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 walikuwapo watu milioni 57 wenye dimenshia ulimwenguni, na zaidi ya asilimia 60 kati yao waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu, ambako wengi hawajapata kuambiwa jina la kile kinachowasibu.

Kutolijua jina kuna gharama yake, na gharama hiyo si ya kutafutwa mbali. Katika kaunti ya Kilifi, mwendo wa saa chache kutoka kisiwani, wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, hata ikabidi pawe na kimbilio lao huko Kaya Godoma, Ganze. Mtu aliyepata kumwona mgonjwa wa dimenshia akitoka usiku wa manane, nguo zikiwa nusu mwilini, akinena peke yake katika ua wa jirani, hatataabika kufahamu jinsi dalili ya maradhi inavyoweza kusomwa kuwa ni ushahidi wa uchawi. Mjini hatuui, alhamdulillahi. Lakini tunaficha, na mgonjwa aliyefichwa hukosa tabibu.

Na tabibu ndiye wa kuanzwa naye, kabla ya mganga na kabla ya kikao cha jamaa, kwa kuwa si kila usahaulifu ni dimenshia. Tezi ya shingo ikilegea katika kazi yake, vitamini B12 ikipungua, huzuni ya kufiwa ikikaa mno, maambukizi ya mkojo yakipanda, au damu ikivilia chini ya fuvu baada ya mzee kuanguka ngazini, akili huweza kuvurugika kwa namna ifananayo na maradhi haya, na mengi katika hayo hutibika. Jamaa waendao Hospitali Kuu ya Pwani au hospitali nyingine yoyote ya kisiwani na wabebe mfuko wa dawa zote azimezazo mzee, pamoja na zile alizopewa na jirani na zile za majani, kwa maana mchanganyiko wa dawa peke yake huweza kumpumbaza mtu. Na mzee apimwe presha, sukari, masikio na macho. Presha na sukari, ambazo zimekuwa wageni wa kudumu katika nyumba za pwani, huiharibu mishipa ya damu ya ubongo kimyakimya, na mzee asiyesikia hujitenga na mazungumzo mpaka akili yake ikose kazi ya kufanya. Dawa kama donepezili huwapunguzia dalili baadhi ya wagonjwa kwa muda; haiponyi, na auzaye dawa ya kuponya, awe wa duka la dawa au wa kombe, anauza asichokuwa nacho.

Yakishathibitika maradhi, huja swali la mahali, na hapo Mji wa Kale una mengi ya kusema. Tumtazame ajuza mmoja, ambaye ni mfano tu, lakini kila mwenyeji wa mji amemwona. Ni baada ya alasiri. Amejifunga buibui lake barabara, kikapu ki mkononi, na anashika Ndia Kuu kwa hatua za mtu ajuaye aendako. Muuza kahawa, dele lake likiwa juu ya makaa, amwona.

"Masalkheri, bi mkubwa. Wenda wapi saa hizi?"

"Nenda kwetu. Babangu yuwaningoja."

Baba huyo alizikwa kabla muuza kahawa hajazaliwa, na nyumba hiyo ya "kwetu" iliuzwa zamani kwa watu wengine. Muuza kahawa halisemi hata moja katika hayo. "Basi kaa kitako kidogo, mama, unywe kikombe, jua lishuke," amwambia, naye anaketi barazani. Mtoto mmoja anatumwa mbio nyumbani kwake, na kikombe kinapokwisha mjukuu amekwisha kufika, na bibi, ambaye safari imekwisha kumtoka moyoni, anauchukua mkono wa mjukuu na kumwongoza kurudi, kana kwamba ni yeye aliyekuja kumchukua mtoto. Alilolifanya muuza kahawa ndilo linalofundishwa madarasani huko ng'ambo: mgonjwa habishiwi, wala hafiwi na babake upya kila siku kwa kukumbushwa kifo chake, hucheleweshwa kwa upole mpaka fadhaa ipite. Waholanzi, katika mji wa Weesp, walijenga kijiji kizima kiitwacho Hogeweyk, kilichofunguliwa mwaka 2009, chenye njia, duka na uwanja, ili wagonjwa wa dimenshia watembee bila ya kufungiwa vyumbani. Sisi njia hizo tumezirithi, na baraza tumezirithi, na watu wa kusema masalkheri tunao.

Illa tusijidanganye. Weesp kuna mtu aliyelipwa kuwa macho. Ndia Kuu kuna mtu aliyebahatika kuwapo. Njia za mji ambazo zamani zilipitwa na miguu na mikokoteni leo hupitwa na bodaboda na tuktuk, na mwisho wa vichochoro kadhaa ni ngazi za bandari ya kale na maji. Fauka ya hayo, jamaa wengi wa asili wamehamia Kisauni, Nyali na Bamburi, nyumba zao zimepangishwa, na jirani mpya, hata akiwa mwema kiasi gani, hajui kwamba bibi yule apitaye hana haja ya kwenda aendako. Kwa hivyo jina na namba ya simu ya nyumbani na vishonwe ndani ya buibui au viandikwe kwenye kidani cha shingoni. Wenye maduka ya mtaani na waambiwe waziwazi, pasi na haya, kwamba mama anasahau. Ndani ya nyumba nako, ngazi za mawe zilizo wima kama za mnara zitiwe kamba au mkono wa kushikia, sakafu ya msalani isiachwe na maji, mtungi wa gesi ufungwe kila baada ya kupika, na kisima, kama kipo, kiwe na kifuniko kizito. Mzee mwenye kuishi ghorofani ateremshwe chini maadamu bado anaweza kukizoea chumba kipya.

Sasa tuziangalie njia zenyewe. Ya kwanza, nayo ndiyo itumikayo zaidi, ni binti. Shirika la Afya Duniani husema kwamba asilimia 70 ya saa za kuwatunza wagonjwa wa dimenshia hutolewa na wanawake, na asiyeamini na ahesabu katika mtaa wake. Alfajiri ni kumwamsha mama, kumtia udhu au kumwosha, kubadilisha shuka. Asubuhi ni chai na hamri lililolowekwa ili asipaliwe, na dawa zilizofichwa katika uji kwa kuwa amezikataa mkononi. Mchana ni kumfuata kila aendako. Magharibi, saa ambayo wagonjwa hawa hushikwa na wahka kuliko saa zote, ni kumtuliza asitoke. Na usiku, ambao wengine huuita wa kulala, ni kuamka mara tatu na nne kwa sauti ya komeo la mlango. Mgonjwa asiyelala humchosha muuguzi wake hata akawa mgonjwa wa pili. Ndugu walio Muscat, Jeddah, London na Toronto hutuma fedha, na Mungu awalipe, na fedha hufika kwa M-Pesa katika dakika moja. Walakini usiku mmoja wa kukesha hautumiki kwa simu. Tena wapo katika ndugu hao wafanyao kazi hiyohiyo ya kuwatunza wazee wa watu huko Uingereza, kwa zamu, na zamu ikisha huvua sare wakaenda kulala. Wao wajua vema kwamba hakuna mwajiri aruhusiwaye kumweka mtu mmoja zamuni mwaka mzima, ilhali dada yao wa Kibokoni yuko zamuni mwaka wa sita.

Njia ya pili ni kumzungusha mzee, mwezi kwa huyu na mwezi kwa yule. Kwa wana ina sura ya insafu, lakini kwa mgonjwa ni adhabu, kwa sababu kila nyumba mpya humnyang'anya zile alama chache alizobaki nazo: kidaka alichozoea kuweka miwani, sauti ya mwadhini wa msikiti wake, rangi ya mlango wa choo. Yafaa wana wazunguke, na mzee abaki. Ami, khalati, shangazi na wajukuu walioota ndevu, kila mmoja achukue usiku wake mmoja katika wiki, aje na mto wake alale hapo, na mwenye nyumba alale usingizi wa mtu mzima.

Njia ya tatu ni kumwajiri mtu. Hapa mambo ya kuangalia ni mengi kuliko mshahara. Mgonjwa wa dimenshia aliyekuwa na lugha mbili au tatu aghalabu hurudi kwenye ile aliyonyonya nayo, na msichana aliyetoka mbali huenda asimwelewe bibi anayenena Kiamu, Kibajuni au Kiarabu. Kisha kuna sitara: mzee mwanamume hatakubali kuoshwa na msichana, na mama atapiga kelele akivuliwa nguo na mtoto wake wa kiume, hivyo jinsia ya mwajiriwa ni sharti. Na mwajiriwa ni binadamu: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na mwajiri amnyimaye siku hiyo huzinunua saa za mtu aliyechoka, ambazo ndizo saa ambazo mzee huanguka.

Njia ya nne ni makao ya wazee, na hapo ndipo penye aibu kuu. Afrika Mashariki inayo makao hayo ya miaka mingi: Nairobi iko Nyumba ya Wazee ya masista wa Little Sisters of the Poor huko Kasarani, na Unguja serikali ina nyumba za wazee za Sebleni na Welezo. Ila asili ya makao ya namna hii ni kuwapokea mafukara wasio na jamaa, na si kila penye vitanda pana ujuzi wa mgonjwa aamkaye usiku akimtafuta mamake. Atakayekwenda kutazama makao yoyote na asiende asubuhi ya miadi, wakati sakafu imekwisha kupigwa deki. Aende magharibi bila ya kubisha hodi ya mapema, aulize ni wangapi walio macho saa nane za usiku, mgonjwa akikataa kula hufanywaje, akihangaika hufungwa au hupewa vidonge vya kumlaza, na tahara yake ya swala husimamiwa na nani. Majawabu yakiwa mema, na saa za nyumbani zikiwa zimekwisha kuwashinda wenyewe, hakuna dhambi katika kumpeleka. Dhambi ni kumpeleka kisha kuacha kwenda. Ama wodi ya hospitali, hiyo ni mahali pa tiba ya maradhi yaliyozuka ghafla, wala haifai kufanywa maskani.

Nalo jambo la dini, ambalo katika mji huu haliachwi, lina nafuu kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Qurani imeutaja umri ule wa mwisho ambao elimu humtoka aliyekuwa nayo, ikaamrisha pia wazazi waliofika uzeeni wasikemewe. Yuko mzee asimamaye kuswali adhuhuri mara tatu, na mwanawe akimwambia "Baba, umeshaswali," huzuka ugomvi wa nyumba nzima. Ilhali maulamaa wote hukubali kwamba kalamu imeinuliwa juu ya aliyeondokewa na akili, hana swala ya kudaiwa wala saumu ya kulipa. Aachwe aswali mara ya nne akipenda. Mswala haumdhuru, na dakika zile anazosujudu ni dakika za utulivu kwake na za kupumua kwa amwangaliaye.

Tukija kwenye fedha na sheria, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 57, humpa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kupata uangalizi wa kadiri kutoka kwa jamaa zake na kwa Dola. Upande wa Dola, tangu mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii humpa mwenye umri wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, kama vile Zanzibar ilivyoanza mwaka 2016 kuwapa pensheni wazee wa umri huohuo. Ni ihsani yenye kushukuriwa. Lakini mwezi una saa 720, na shilingi 2,000 zikigawanywa kwazo hazifiki shilingi tatu kwa saa. Kilichobaki ni juu ya jamaa.

Na jamaa wana jambo moja la kufanya mapema, ambalo likichelewa huzaa fitina ya vizazi. Uwakala wa kawaida, katika sheria ya serikali na katika fikihi, hukatika mwenye kuutoa akipotewa na akili. Kwa hiyo hati iliyotiwa sahihi na mzee asiyejua tena siku ya leo ni karatasi tupu, na nyumba ya mirathi iliyouzwa kwa hati hiyo italeta kesi. Angali na fahamu, mzee aseme mbele ya mashahidi madeni yake, amana alizowekewa, na wasia wake usiozidi thuluthi. Na akiisha kupotewa, wanawe waende mahakamani kuomba msimamizi wa mali chini ya Sheria ya Afya ya Akili, wasijifanyie wenyewe. Kadhi atawafaa kwa mirathi na kwa suluhu ya ugomvi, na ni bora aombwe suluhu kabla ya mazishi.

Linabaki pengo moja ambalo hakuna nyumba iwezayo kuliziba peke yake: saa za mchana. Mji wa Kale una haja ya nyumba ya mchana, mahali ambapo wazee hawa wangeketi kuanzia saa tatu za asubuhi hadi adhuhuri, pamoja na kahawa, tasbihi, ukili wa kusuka na mtu mwenye ujuzi, huku binti zao wakifanya kazi au wakilala. Vyumba vya madrasa asubuhi za siku za shule aghalabu huwa vitupu. Tume ya Wakf ipo, na tangu mwaka 2022 ina sheria mpya. Na kuwakifia wazee ukumbi mmoja ni sadaka yenye kudumu kama kisima. Watu pia wapo. Mji huu, mtu akifariki alfajiri, kabla ya alasiri kaburi limechimbwa, sanda imeshonwa, wali umepikwa na mamia wamekwisha kufika, wala hakuna aliyelipwa. Wawezao kupanga saa hizo chache za maiti hawashindwi kupanga saa tatu za aliye hai.

Basi msomaji mwenye mzee nyumbani na atwae karatasi usiku huu, apige mistari 24, na katika kila mstari aandike jina la aliye macho na mama saa hiyo. Akiona jina moja limeijaza karatasi, ajue kwamba swali la ukumbini halijapata jawabu bado, na kwamba katika nyumba hiyo wapo watu wawili wenye haja ya kuangaliwa. Awaite ndugu zake, wa karibu na wa mbali, na karatasi iwe mbele yao.